Saa haikuwa mbovu

Kila mwezi nakaa kwenye ukurasa huu nikiwaambia muongee na wenzi wenu. Leo naomba mnisikilize mimi mshauri wenu nikijisema mwenyewe, maana nilifanya jambo ambalo angelifanya mwingine ningemshangaa.

Kisa chenyewe ni saa ya mkono.

SAA YA MAREHEMU

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima huku Mbinga. Alikuwa na kahawa yake mlimani, na chini ya kahawa ngoro za mahindi na maharage kama Mmatengo yeyote anayejiheshimu. Mwaka 1984, malipo ya kahawa yalipotoka, alinunua Seiko 5. Kwa watu wa rika lake saa ile haikuwa urembo. Ilikuwa ni kusema kwamba mwaka huu jasho langu limeonekana.

Alipofariki, wazee wa ukoo walikaa, wakagawa, na saa ikaja kwa mume wangu ambaye ni kijana wa mwisho. Yeye huivaa Jumapili tu. Siku nyingine inalala kwenye droo ya kabati, imefungwa kwenye leso.

Mwezi Juni tulikuwa twende Mbamba Bay kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mama mkwe ni Mnyasa, na baada ya msiba alirudi kukaa na ndugu zake kule ziwani. Mimi nikaona hapa ndipo pa kumfanyia mume wangu sapraizi. Akiwa semina Songea, usiku nikafungua droo, nikaitoa saa. Imesimama! Nikajisemea, maskini mume wangu, betri imekwisha na wala hajapata muda wa kuibadilisha.

Msomaji wangu, nilikuwa na simu. Ningeweza kumpigia nikamuuliza, "Hii saa inatumia betri gani?" Sikupiga. Nikaingia jikoni, nikachukua mkasi.

NILICHOKIONA NDANI

Mfuniko wa nyuma wa saa ile unafungwa kwa kuzungushwa, na pembeni una vijitundu vidogo vya kushikia ufunguo wake. Mimi nikautanua mkasi, nikaingiza ncha mbili kwenye vijitundu viwili, nikazungusha. Ukateleza, ukachora mchirizo mrefu. Nikarudia. Ukateleza tena. Mara ya tano mfuniko ukafunguka, nikajiona fundi!

Ndani hakukuwa na betri. Kulikuwa na kibao cha chuma chenye umbo la nusu duara, kinachozunguka kila unapogeuza mkono. Nilipoigeuza saa nione betri imejificha wapi, kile kibao kikazunguka, na pembeni kigurudumu kimoja kikaanza kucheza, kwenda na kurudi, haraka haraka. Saa ilikuwa hai! Haikuwa mbovu hata kidogo. Ilisimama kwa sababu haikuvaliwa tangu Jumapili, basi.

Kwa mshtuko, ncha ya mkasi ikashuka. Ikagusa kile kigurudumu. Kikasimama, na safari hii kikasimama kweli.

Nilifunga mfuniko huku mikono inatetemeka. Saa nikaificha kwenye pakiti ya pedi ndani ya pochi yangu, mahali ambapo mwanaume haingizi mkono. Nikajiambia nitaipeleka kwa fundi kimya kimya, itapona, nitairudisha, yamekwisha. Ni mipango mingapi ya ndoa imevunjika kwa kuanza na hayo maneno, "kimya kimya"?

Jumapili mume wangu akafungua droo. Akaniuliza. Nikajibu neno moja tu: "Sijaiona."

BEGI LA DADA WA KAZI

Sasa fikiria. Chumbani kwetu wanaingia watu watatu: mimi, yeye, na dada wa kazi anayefagia. Dada wetu alikuwa binti wa miaka 20 kutoka vijiji vya ufukweni, upande wa Liuli. Mume wangu si mtu wa kelele. Alimwita sebuleni akamuuliza kwa upole kabisa.

"Baba, mimi hata sijui hiyo saa inafananaje," akasema.

Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaenda kuleta begi lake. Akaligeuza mbele yetu. Nguo moja moja, khanga, sabuni, picha ya mama yake. Alikuwa analia bila sauti. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa na pochi begani, na saa imo ndani ya pochi.

Saa haikuwamo kwenye begi, lakini mume wangu akaamua kwamba Jumamosi binti apande gari arudi kwao. Alhamisi, badala ya kwenda kula mchana, nikakimbilia kwa fundi saa mjini.

MEZA YA FUNDI

Bila shaka umeshawaona mafundi saa wa miji yetu: kimeza, kisanduku cha kioo, mwavuli, na mzee aliyeinama. Huyu wa kwetu ana kibanda karibu na soko, na mwezi Juni, baridi ya Mbinga ikiwa imekolea, huvaa sweta mbili na bado vidole vyake havitetemeki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Hakuigusa kwa haraka. Kwanza alifuta meza, akatandika karatasi nyeupe. Akatoa ufunguo wa chuma wenye meno matatu, akayarekebisha mpaka yakakaa sawasawa kwenye vile vijitundu vya mfuniko. Akazungusha mara moja. Mfuniko ukafunguka kama wa chupa ya maji. Mimi kwa mkasi nilitumia nusu saa!

Akavaa kioo cha jicho, kile kilenzi cheusi wanachokibana na nyusi. Aliniambia kwa kazi ya kawaida kinachokuza mara nne au tano kinatosha, na kile cha kukuza mara 10 ni cha kukagua tu, maana ukisogea karibu mno unaona doa moja na kusahau mashine nzima. Akatazama. Akanyamaza. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Hii ilifunguliwa kwa mkasi."

Nikataka ardhi inimeze. "Umejuaje, mzee?"

"Mkasi una mwandiko wake."

Akanipa kioo nami nitazame. Kile kigurudumu kinachocheza ndicho moyo wa saa. Katikati yake kuna springi nyembamba kama unywele, imejikunja mizunguko mingi bila mzunguko mmoja kugusa mwingine. Kwenye saa kama ile, moyo hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, na kwa siku nzima ni mapigo 518,400. Ile springi yangu ilikuwa imevutika na kujifunga kama uzi uliochezewa na paka.

Kisha akachukua dira ndogo ya kuonyesha kaskazini, akaisogeza karibu na saa. Sindano ikatikisika. "Imeshika na sumaku," akasema. "Umeiweka karibu na nini?" Nikamtajia pochi, na simu iliyokuwamo, na kifungo cha pochi chenyewe ambacho ni cha sumaku. Akatikisa kichwa. Ile springi ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana, na saa huanza kukimbia mbele. Kumbe hata maficho yangu yalikuwa yanaiumiza.

Nikamwomba anionyeshe vifaa vyake, nadhani kwa sababu nilikuwa naogopa kuondoka. Akavipanga kwenye karatasi. Bisibisi zilikuwa saba, nyembamba kama kalamu, kila moja na pete ya rangi yake. Ya njano ni ya milimita 0.80, nyeusi milimita 1.00, nyekundu milimita 1.20. Mbili kati yake zimeandikwa Bergeon, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1791. Alizinunua kwa mzee aliyemfundisha kazi Songea, na tangu hapo amezinoa mwenyewe kwa jiwe na mafuta.

"Ulimi wa bisibisi lazima ujaze mfereji wa skrubu," akaniambia. "Ukiwa mwembamba, unauma kingo. Ukiwa mnene, hauingii. Watu wanadhani skrubu inafunguka kwa nguvu. Inafunguka kwa kipimo."

Kulikuwa na vibanio viwili, kimoja cha chuma chenye ncha kali kama miiba miwili, kingine cha shaba ambacho hakishiki sumaku. Nikajaribu kushika skrubu moja kwa kile cha chuma. Nikabana. Ikaruka! Mzee akainua mkono: "Usisogeze mguu." Tukabaki kama sanamu mpaka alipoiona kwenye sweta yake. Ukibana kidogo mno kitu kinaanguka, akasema, na ukibana sana kinaruka, na kilichoruka huwa kinapotea kwa sababu ya miguu ya wanaokitafuta.

Kulikuwa na kipira cha kupulizia vumbi, kwa sababu pumzi ya mdomo ina unyevu na unyevu unaleta kutu. Na sindano ya kutilia mafuta, inayobeba tone dogo kuliko kichwa cha pini. Mafuta ya kula au ya cherehani ni marufuku, kwani hutambaa kote na kugeuka gundi.

"Sasa utaanza kufungua?" nikauliza.

"Bado. Kwanza naitoa nguvu."

Akanieleza. Ndani ya saa kuna springi kuu iliyojikunja, na hiyo ndiyo inayosukuma kila kitu. Saa yangu ilikuwa imesimama, lakini nguvu ilikuwa bado imo ndani, imezuiwa tu na kile kigurudumu kilichonasa. Fundi akiondoa kipande bila kuitoa nguvu hiyo kwanza, magurudumu huzunguka kwa kasi yote kwa mkupuo, meno yakavunjika, mihimili ikakatika. Kwa hiyo anaachia kizuizi cha springi na kuiacha nguvu itoke polepole. Ndipo anafungua.

Nilimtazama akifanya hivyo nikafikiria nyumba yangu. Wiki mbili tulikuwa kimya, hakuna anayemgombeza mwenzake, na kila mmoja akidhani hali ni shwari.

"Mzee, itapona?"

"Itapona. Ninazo Seiko zilizokufa kwenye kopo, nitachukua moyo wa mojawapo. Nitaosha, nitatia mafuta, nitabadilisha mpira wa mfuniko. Shilingi 35,000. Lakini hii michirizo siiondoi. Nikiisugua nitamaliza na maandishi. Mwenyewe ataiona."

Wapenzi wasomaji, mpaka dakika ile nilikuwa bado napiga hesabu ya kunyamaza!

USIKU WA ALHAMISI

Sikumsubiri ashibe. Sikumsubiri afurahi. Nilimwambia, "Mume wangu, nina jambo baya la kukuambia, na nitalisema lote. Naomba nimalize ndipo uniulize." Nikasema. Mkasi, kigurudumu, pochi, "sijaiona". Sikuweka neno "lakini" hata moja, ingawa lilikuwa linaniwasha ulimini.

Akauliza swali moja tu. "Siku binti anageuza begi, saa ilikuwa wapi?"

"Begani kwangu."

Akaondoka akalala sebuleni. Sikumfuata. Zamani ningemfuata mlangoni kwa mlango nikidai anisamehe usiku uleule, yaani kumbana mtu kibanio mpaka aruke.

Asubuhi alimwita dada, akasimama, mtu mzima na mvi zake mbili tatu, akasema: "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe." Mimi nikapiga magoti nikasema yangu. Binti alitusikiliza. Akasema, "Nimesamehe, mama. Lakini mwisho wa mwezi nitakwenda nyumbani."

Na akaenda. Tulimlipa mshahara wake, tukamwongezea, tukamsindikiza mpaka kwenye gari. Alitupungia mkono vizuri tu. Lakini nawaambieni ukweli, saa imepona na ndoa imepona, na yule binti sitamsahau. Kuna sehemu ukishaivunja hakuna fundi mwenye kopo la vipuri vyake.

MBAMBA BAY

Jumamosi tulikwenda kwa fundi wote wawili, na wiki iliyofuata tukaichukua saa. Mume wangu aliiweka sikioni kwa muda mrefu. Sikumuuliza anasikia nini.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilometa zisizozidi 70, lakini unashuka kutoka kwenye baridi mpaka kwenye joto la ziwa, sweta unaivua njiani. Fundi alikuwa ametuonya: saa ya umri ule, hata ikiwa na mpira mpya, isiogeshwe ziwani. Hewa yenye unyevu ikiingia kule chini kwenye joto, ukipanda nayo mlimani kwenye baridi unaona ukungu chini ya kioo. Ukiona hivyo, ipelekwe kufunguliwa na kukaushwa siku hiyohiyo, usingoje ukungu upotee, kwa sababu ukipotea kwenye kioo maji yako kwenye vyuma.

Baada ya misa, tukiwa tumekaa na sinia la ugali na mbasa, mama mkwe alimshika mwanawe mkono. Akaigeuza saa. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mchirizo.

"Hii nini?"

Mume wangu akanitazama. Akasema, "Ni fundi wa kwanza, mama."

Nikasema, "Fundi wa kwanza ni mimi, mama. Nilidhani betri imekwisha."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Betri! Marehemu alikuwa akiitikisa hivi," akaonyesha kwa mkono, "kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Miaka yote. Ungeniuliza tu, mwanangu."

Ungeniuliza tu. Hayo ndiyo niliyokuja kuwaambia leo.

YA KUWEKA AKILINI

1. Ijue saa ya mwenzi wako kabla ya kuihurumia. Ikiwa inatembea, tazama mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, mara nyingi ni ya betri. Ukipita kama unateleza, mara nyingi ni ya springi. Ikiwa imesimama na ni ya kujijaza kwa mkono, itikise taratibu au ivae kwanza. Nyingi husimama baada ya siku mbili hivi bila kuvaliwa. Na mwenzi wako naye, aliyenyamaza siku mbili huenda hana ubovu wowote. Muulize.

2. Mpelekee fundi mwenye vifaa. Mwangalie anavyofungua mfuniko. Akichukua kisu cha mkate, chukua saa yako uondoke. Ukimwona anafuta meza, anavaa kioo na anachagua bisibisi kwa kipimo, kaa hapo.

3. Iweke mbali na sumaku, yaani spika za redio, vifungo vya pochi, na kava za simu zenye sumaku. Ikianza kukimbia dakika kadhaa kwa siku bila sababu, fundi ana kifaa cha kuitoa sumaku, kazi ya dakika moja.

4. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Gharama ya saa yangu ilikuwa shilingi 35,000. Gharama ya siku zile za kunyamaza aliilipa mtu mwingine, tena asiyehusika.

5. Kabla ya kufungua jambo zito na mwenzi wako, toa nguvu kwanza. Msiongee mkiwa mmejaa. Lakini pia msiseme hamna kitu kwa sababu tu mmenyamaza.

Mkasi wangu bado upo jikoni, unakata mifuko ya maziwa. Kila nikiushika mume wangu hukohoa kidogo, kisha tunacheka. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.